Bilonda Mwenye Kugawa

Mabinti zangu, walimu wa shule ya watoto wadogo ya Kapata, siku ile ya kustaafu kwangu mliponifunga kitenge kipya na kunipigia vigelegele mlisema, "Mama Adele, utuandikie kidogo kazi yako ilikuwaje." Mimi ni mtu wa kuambiwa kidogo? Nimekaa jikoni tangu asubuhi, maharagwe yameshaungua mara moja, na sijafika hata kwenye siku ya kwanza. Vyeo sitavieleza, maana nilipata kimoja tu na kilikuja pamoja na funguo za choo. Mishahara naiacha ipumzike. Ilichoka kabla yangu. Nitawaeleza habari za mtoto mmoja, Bilonda, aliyenifundisha kugawa chakula, na za msimu ule ambao watu wazima walitaka kumgawa yeye.

Siku ya kwanza nilifika kazini na viatu vyeupe. Msicheke. Nilikuwa nimetoka chuoni kwa masista, cheti bado kina harufu ya wino, nikiamini kwamba watoto wa miaka mitatu, minne, wataketi chini wanisikilize nikieleza rangi. Kabla ya saa tatu mmoja alikuwa amenikojolea kiatu cha kulia, mwingine amepita dirishani, na waliobaki wanalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea, kama wafanyakazi wa mgodini. Mkuu wa shule, Mama Rejina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mvua, alifungua mlango akanikuta nimesimama juu ya kiti.

"Madame," akasema, "shuka. Ni batoto, haina nyoka."

Nikashuka; kweli walikuwa watoto, si nyoka. Mama Rejina ndiye aliyenilea katika kazi hii, na kila kitu kizuri mlichokiona kwangu mjue ni chake. Kelele tu ndizo zangu.

Wakati ule kampuni ilikuwa bado na nguvu. Wafanyakazi wa mgodi walipata posho yao ya unga, mafuta na samaki, na shule ya watoto wao ilipata karanga, uji wa soya, na siku za bahati biskuti. Mama Rejina aliamini kwamba shule nzima inajengwa saa nne, wakati wa kula. Alfabeti ilikuwa mapambo tu. Chombo chake kikuu kilikuwa kopo la nyanya lililopigiliwa mpini wa mti, nalo lilipima uji kuliko mizani ya duka. Alikuwa na sheria mbili, akizisema kila asubuhi kabla chungu hakijatoka jikoni. Ya kwanza: "Mwenye kugawa anakamata ya mwisho." Ya pili: "Yenye haigawanyike sawasawa, inarudia mu nyungu." Yaani zikibaki karanga chache zisizowatosha wote, hapewi mtu, hata aliye mzuri, hata anayelia, zinarudi chunguni mpaka kesho. Mwanzoni nilidhani ni uchoyo wa mama wa makamo. Baadaye nikaona kwamba watoto hawapigani kwa ajili ya njaa. Wanapigania ile moja ya mwisho.

Bilonda aliletwa wakati viatu vyangu vilikuwa vimeshakuwa vyeusi na akili imeanza kunikaa. Baba yake, Tata Mukendi (kwetu tata ndiyo baba), fundi umeme, alimleta juu ya baiskeli. Babu yake Tata Mukendi ndiye aliyeletwa na kampuni kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi. Mkewe, Mama Masengo, alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga kama mimi, tena tuliimba kwaya moja. Mtoto alikuwa na miaka minne, mashavu ya kubanwa, lakini ole wako umbane. Hakumtazama mtu machoni. Aliziba masikio kengele ikilia, akavuma kwa puani, wimbo usio na mwanzo wala mwisho, na viatu vya watoto wote mlangoni akavipanga kuanzia kikubwa hadi kidogo.

"Madame," Tata Mukendi akaniambia, kofia mkononi, "mutoto yangu haina bubu, haina kiziwi. Eko anasikia yote. Paka jibu njo inakosa kutoka." Yaani ni jibu tu ndilo halitoki.

Walimu wenzangu wakatoa maoni, kwani maoni hayakuwahi kukosekana pale shuleni hata chaki ilipokosekana. Mmoja alisema mashetani. Mwingine alisema mama yake alikula kitu wakati wa mimba. Mama Rejina akauliza, "Anayua kuikala pa kiti? Basi, aikale." Akijua kukaa kitini, akae, ikaisha. Siku hizi mna jina lake, otizimu, na ndugu zetu wa mashariki wanasema usonji. Mimi nililisikia kwa sista muuguzi miaka mingi baadaye, nikapiga paji la uso. Enzi zile hatukuwa na jina. Tulikuwa na Bilonda tu.

Alichagua kiti cha karibu na dirisha na kikawa chake. Mara moja tulikihamisha ili tupake ukuta chokaa. Alipiga kelele mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua, na hakuonja chakula mpaka kiti kiliporudi mahali pake, hata nyumbani kwao. Mama Masengo alikuja kutuomba, macho yamemvimba. Tukairudisha samani na rangi ikabaki nusu ukuta, na inspekta wa afya alipouliza tukamwambia ni mtindo.

Miezi ikapita tukidhani hayupo nasi, yuko kwenye wimbo wake. Kisha siku moja Mama Rejina akajikwaa, beseni la karanga likapinduka. Watoto wakarukia. Bilonda akatoa sauti moja nyembamba isiyokatika, darasa zima likaganda. Akashuka kitini. Akazikusanya karanga zote, za sakafuni, za mikononi, akambana mvulana mmoja, Ilunga, mashavu na kumfungua kinywa akaitoa aliyokuwa ameshaificha. Akaanza kuzunguka, moja mbele ya kila mtoto, tena moja, tena moja. Zilizopasuka alizilinganisha nusu kwa nusu. Ile yenye mate ya Ilunga alimpangia Ilunga mwenyewe. Zilipobaki chache akazitazama, akazirudisha beseni. Mwisho kabisa akachukua za kwake, akarudi dirishani, akavuma.

Mama Rejina alikuwa bado amekaa chini alipoangukia. "Ule mutoto," akasema, "anatushindaka kazi."

Toka siku hiyo Bilonda akakabidhiwa kopo. Mngewaona watoto! Mimi nikigawa walikuwa wananikagua kama polisi wa barabarani. Yeye akigawa walifumba hata macho. Basi nikashikwa na udadisi, maana nilishajua kwamba mbele ya Madame kila mtoto ni mtakatifu, ukigeuza mgongo mifuko inanenepa. Nikamwachia mezani biskuti, zake na za mwenzake aliyekwenda chooni, nikatoka, nikajificha nyuma ya mlango, jicho kwenye ufa. Hakutazama huku wala huko. Moja hapa, moja pale, iliyozidi ndani ya kopo. Hakujua kama anaonwa, wala hakujali. Nilitaka kupiga vigelegele palepale. Lakini Bilonda alikuwa hapendi mlango ulio wazi nusu. Akaja akausukuma kwa nguvu zote, na mimi nikawaambia wenzangu kwamba nundu ile kwenye paji la uso imetoka kabatini.

Msije mkamfanya malaika, lakini. Kapinga, binti wa fundi cherehani, alirudi shuleni baada ya malaria, mwembamba, akaomba uji wa pili. Bilonda akakataa. Kapinga akalia; Bilonda akaziba masikio. Mama Rejina akamimina uji wake mwenyewe ndani ya bakuli la Kapinga. Bilonda akaja, akayatazama mabakuli yale mawili, akamwaga kutoka la Kapinga kurudisha la Mama Rejina mpaka yakalingana. Mara mbili walifanya hivyo, bibi mkubwa na mtoto, bila kusema neno, na mimi nimejiziba mdomo kwa aproni. Mwishowe Mama Rejina alimbeba Kapinga mpaka jikoni, akamlisha huko mlango umefungwa. Usawa ni kitu kimoja na huruma ni kingine, na Bilonda alijaliwa cha kwanza kwa wingi. Cha pili ilikuwa kazi yetu sisi kukiongeza, pembeni.

Kwa hiyo mkipata mtoto wa namna hiyo, msimwambie "uwe mwema, wafikirie wenzako." Wema hauna umbo. Mpeni sheria, fupi, tena kabla chakula hakijaonekana, na muionyeshe kwa mikono. Mkimsifu, sifieni kazi, msimkumbatie. Na mkishaweka sheria, msiibadilishe kwa sababu mgeni amekuja. Hilo la mwisho tulijifunza kwa kuku.

Inspekta wa shule alitoka ofisini kwake mtaa wa Manika, tumbo limetangulia, miwani imefuata. Kuku alikuwa amepikwa, mapaja na firigisi vya mgeni kama desturi inavyotaka. Mama Rejina, kwa fahari yake, akamwandalia meza mlemle darasani, ili aone watoto wanavyokula kwa utaratibu. Akaona kweli. Bilonda alikuwa amemaliza kugawa uji alipogeuka akakuta mtu mmoja ana kuku mzima na wengine hawana. Alikwenda moja kwa moja, akavuta sahani kutoka chini ya uma, akaichambua nyama uzi kwa uzi. Firigisi aliikata kwa kucha. Kila mtoto akapata uzi wake, kila mwalimu akapata, na Inspekta naye akawekewa uzi wake katikati ya ile sahani kubwa ya maua. Inspekta akautazama uzi, akamtazama Mama Rejina.

"Mama Mukubwa, hii njo programu mupya?"

"Ndiyo, Inspekta," akajibu bila kupepesa. "Ni hesabu. Kugawanya."

Akaula uzi, akatafuna muda mrefu. "Inaeleweka," akasema. "Basi munipatieko na uji." Na uji akapewa, kopo moja, sawasawa na Ilunga.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka nikiwa peke yangu nikacheka hadi paka anatoka nje. Sasa yafuatayo siwezi kuyaruka. Kampuni ilianza kudidimia, na mji ukadidimia nayo. Posho ikachelewa, kisha ikakauka. Karanga za saa nne tukawa tunazichanga wenyewe majumbani. Watu wenye njaa wakatafuta nani amekula, na mikutanoni wakaambiwa: ni watu wa Kasai, ndio walioshika kazi zetu, warudi kwao. Kwao wapi? Tata Mukendi hakuwahi kuiona Kasai hata kwenye kalenda. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu, na neno hilo nililisikia kwa watu niliosimama nao kwaya, wakilitamka bila hata kufunika mdomo. Nyumba zikapigwa mawe, mlango wa fundi cherehani, baba yake Kapinga, ukavunjwa, familia nzima nzima zikahamia stesheni kungoja treni. Nayaandika haya mbiombio kwa sababu nikiyaandika polepole nitakasirika, na maharagwe ya pili yako motoni.

Watoto hawachelewi kujifunza. Asubuhi moja nilikuta viti vimehamishwa: wa Kasai ukutani, wengine katikati. Ilunga, ambaye kichwa chake kilikuwa kizito kama roho yake ilivyokuwa nyepesi, akamwambia Bilonda, "Usibapatie bale. Baba anasema bakulie kwabo." Hakuna aliyekumbuka kwamba Bilonda mwenyewe kwa baba ni wa huko, machoni pa watoto anayeshika kopo hana kabila. Bilonda alikuwa amekwisha kujaza mabakuli machache. Akasimama. Akatazama viti, havikuwa mahali pake. Njia yake ya kila siku ilikuwa imekatwa. Wimbo wa puani ukapanda. Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa nitoe hotuba, na ingekuwa hotuba ndefu, mnanijua. Bilonda hakunipa nafasi. Akayachukua mabakuli yote yaliyojazwa, moja baada ya jingine, akayamwaga tena chunguni, akafunika mfuniko, akaukalia.

Matumbo yakaanza kunguruma, la Ilunga likiongoza. Alitazama chungu, akamtazama Bilonda aliyekaa juu yake kama chifu, akanitazama mimi. Nikatazama dari.

"Turudie!" akapiga kelele. "Kapinga, kuya na kiti yako! Bote turudie ku fashi yetu!"

Viti vikaburutwa kurudi mahali pake, vumbi likatimka, Kapinga akavutwa pamoja na kiti chake hadi pale pa zamani. Bilonda akakagua, akashuka, akaanza upya toka wa kwanza. Mlangoni Mama Rejina alikuwa anatikisika mwili mzima, aproni mdomoni. Nililia mimi pia, lakini kicheko kilitangulia.

Laiti watu wazima wangekuwa na njaa ya namna hiyo. Haikupita muda jambo likaingia nyumbani kwa Bilonda. Tata Mukendi aliambiwa na majirani, wale aliowatengenezea umeme bure, kwamba aondoke kabla hawajamwondoa. Mama Masengo, mtoto wa hapa, angeweza kubaki. Kaka yake, Tata Ngoie, akaja kutoka Manika na mpango: Mukendi aende stesheni na wake, dada abaki na wake, na watoto wagawanywe. Walikuwa watatu: mvulana mkubwa, Bilonda, na mdogo wa kunyonya. Tata Ngoie hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na woga, na woga ukivaa koti la Jumapili watu wanauita busara.

Walikutana shuleni baada ya masomo, kwa kuwa pande zote mbili zilimwamini Mama Rejina, na mimi nikaitwa kwa ajili ya Bilonda. Tulikaa kwenye mikeka. Tata Ngoie akaeleza: mvulana aende na baba yake, atamsaidia mizigo, wa kunyonya abaki na ziwa lake. Hapo akakwama. Kila mmoja akakodolea mkeka.

"Madame," akanigeukia, "we njo unamuyua. Huyu tumutie wapi?"

Damu ilinipanda mpaka kilemba kikalegea. "Tata Ngoie, huyu ukimuhamisha kiti tu, hakuli. Sasa umuhamishe mama? Ao umuhamishe baba? Unataka afe ku njia ao afie hapa, chagua!"

"Na we unataka bachomee dada yangu nyumba?" akajibu, sauti ikamkatika. "Bachome eko ndani?"

Mlango wa fundi cherehani nilikuwa nimeuona. Tata Mukendi aligeuzageuza kofia yake. Mama Masengo alimpakata mdogo, machozi yanamdondokea mtoto kichwani, na mtoto anayapangusa kwa kiganja akiendelea kunyonya. Niliogopa kweli siku ile. Niliona kabisa Bilonda atakavyokwenda upande mmoja, na jinsi atakavyofunga kinywa, na hakuna mtu upande huo atakayejua kuvuma naye mpaka akifungue.

Mama Rejina hakuwahi kuruhusu mtu aamue jambo akiwa na njaa. Akaleta beseni kubwa la bukari, ugali wetu, na kitoyo, samaki wa chumvi, wa mwisho aliyekuwa naye. Bilonda akagawa kama kawaida yake, hata mjomba akapata kipande sawa na wengine, na yeye mwenyewe akachukua cha mwisho. Tulikula bila kuangaliana. Kisha Tata Ngoie akanawa mikono, akakohoa, akasema, "Haya. Sasa tugawe batoto."

Bilonda akasimama. Ameambiwa kazi yake, si ndiyo?

Akamshika kaka yake mkono, akamkalisha mbele ya baba. Mdogo alikuwa tayari kwa mama, akamwacha. Moja hapa, moja pale. Akatafuta aliyebaki, akageuka nyuma, hakumwona mtu. Akatazama mikono yake mwenyewe. Akaenda upande wa baba, akasimama, akautazama upande wa mama: si sawa. Akavuka kwenda kwa mama, akautazama upande wa baba: si sawa. Akarudi katikati. Wimbo ukapanda, ukapanda, nami nikaziba masikio kwa sababu nilijua kinachofuata. Hakikufuata. Alimrudisha kaka yake kutoka kwa baba mpaka katikati ya mkeka. Akamwendea mama yake akamng'oa mdogo kwenye ziwa, maziwa yakaruka mpaka shavuni kwa Tata Ngoie, akambeba kwa makwapa na kumkalisha ndani ya beseni la bukari. Akamvuta kaka yake, akamtia mguu mmoja ndani. Akatia na wake.

"Haigawanyike," akasema. Mjomba wake hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo. "Inarudia mu nyungu."

Mdogo, alipojikuta juu ya makombo ya bukari, akaanza kuyala. Nikasikia Tata Ngoie akitoa mlio, nikadhani ameshikwa na pumu. Alikuwa anacheka. Alicheka maziwa yakimtiririka kidevuni, akajaribu kuacha, akamwona kaka mtu na mguu wake ndani ya beseni, akaanza tena. Tata Mukendi akaangua. Mama Rejina akalala kabisa kwenye mkeka, mimi nikampiga mgongoni, yeye akanipiga mimi. Mlinzi alikuja kuchungulia. Hatukuweza kumweleza, tulikuwa tunanyoosha vidole tu.

Mama Masengo ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Akafunga vifungo vya blauzi, akamtoa mwanawe kwenye beseni.

"Yaya," akamwambia kaka yake mkubwa, "unasikia. Mi nitaenda na bwana yangu, na batoto yetu bote."

"Kule hauyue muntu hata mumoja."

"Nitabayua."

Tata Ngoie alijipangusa shavu. Kesho yake alikuja na mkokoteni na gunia la unga, amemkasirikia kila mtu, akaanza kupakia vyombo vya dada yake kabla hajaombwa. Na mimi, mabinti zangu, nilikuwa nimepigania kwa ulimi wangu wote asigawanywe. Sikuwa nimefikiri kwamba asipogawanywa atakwenda mzima.

Waliishi stesheni, chini ya maturubai, pamoja na mamia ya wengine. Bilonda alifungwa kofia ya baba yake masikioni kwa kitambaa, akawa anapanga kokoto za reli. Nilikwenda kila baada ya kazi nikiwa na nilichopata, na kila nilipofika alikuwa hai, anakula, mama upande huu, baba upande ule, anavuma. Nilikuwa narudi Kapata karibu ninacheza njiani. Watu waliniona chizi, mji unabomoka na Mama Adele anarukaruka. Lakini alikuwa anakula!

Treni ilifika asubuhi ya jua kali, mabehewa ya mizigo yasiyo na viti. Watu wakapanda kwa kusukumana. Mama Rejina alikuwa amekaanga karanga, mfuko mzima, akazikabidhi kwa mwenye kugawa. Ndani ya behewa palikuwa na ugomvi wa nafasi. Wanaume wawili wameshashikana mashati. Bilonda akafungua mfuko. Akaanza na kiganja kilichokuwa karibu, moja, akaenda cha pili, moja, akazunguka. Watu wakashangaa, wakanyoosha mikono, na mtu aliyenyoosha mkono apokee karanga hawezi kupiga ngumi. Wale wawili wakaachiana mashati. Bibi mmoja akacheka akauliza huyu ni nani.

"Ni mutoto yangu!" Tata Mukendi akapaza sauti, na sijamwona tena mtu mwenye fahari kama ile. "Mungojee zamu, bantu bote! Kila muntu atapata!"

Behewa likashtuka, magurudumu yakalia. Nikakimbia pembeni, mtu mzima mimi, kitenge nimekikunja mpaka magotini, mkono nimeunyoosha na kiganja wazi kama wengine.

"Bilonda!" mama yake akaita. "Mupatie na Madame!"

Akageuka. Alikitazama kiganja changu, akatazama ukingo wa behewa, akatazama miguu yangu inayokimbia juu ya kokoto. Alifikiri kwa makini, kama alivyofikiri siku zote.

"Hapana," akasema. "Madame eko inje."

Behewa zima likacheka, nami nikacheka, nikiwa bado nakimbia. Nilimpenda mtoto yule. Alikuwa ameshageukia kiganja kinachofuata. Nilisimama stesheni ilipoishia, mkono bado umenyooka, nikicheka kwa sauti kubwa na shingo yote imelowa machozi, mpaka Tata Ngoie akaja akanishika kiwiko taratibu.

"Madame," akaniambia, "shusha mukono. Treni inaisha kwenda."